Kikombe ya Kufungua Ilibeba Jicho Yangu Moya

Mbele ya ugonjwa nilikuwa mutu wa nguvu. Nilivuka ziwa toka Kilwa ya Kongo na mimba ya mutoto wa kwanza, na bwana yangu akanijengea nyumba hapa Kashikishi, ku Zambia. Alikufa, Mungu amupumuzishe. Alikuwa mutu wa kelele, lakini kufyatua matofali alijua, na ile matofali ingali inasimama. Nyuma ya kifo yake nikaongeza vyumba, banafunzi ba kolegi bakakuya kupanga. Minauza pia chisense, zile samaki kidogo za kukausha. Ya kijiji ya Kabuta haina muchanga mingi sawa ya hapa, lakini hiyo ni habari ingine.

Sikuwa mulevi. Pombe nilikunywa ku fete, zile sikukuu, nikacheza, nikalala.

Sasa, kwetu tuko na desturi. Kama mutu analeta kinywaji mu nyumba ya mwingine, haifunguliwe bule. Mwenye nyumba anakunywa kikombe ya kwanza, bote banamuangalia. Inaonyesha hakuna sumu na hakuna chuki. Kolegi ilikataza pombe mu mabweni yake, basi banafunzi balikuwa banakuya kunywea kwangu, na mimi njo nilikuwa nafungua.

Siku ya kumaliza mitihani, Mwansa, kijana wa Puta mwenye kukaa chumba ya mbele, alileta lutuku mu chupa ya soda. Lutuku ni ile kali ya kupika mu pipa, Bazambia banaita kachasu. Akamwanga kidogo mu kifuniko, akawasha kiberiti. Moto ikatoka ya bluu.

"Ba Mayo, mama yetu, muone, iko safi. Mufungue."

Nikakunywa kikombe yote bila kupumzika, nikasema ni muzuri. Na ilikuwa muzuri, sitawadanganya. Mwansa akakunywa nusu kikombe. Bengine bakachanganya tone mbili tatu na soda.

Asubuyi nilifagia, nikapika bukari, ugali yetu, nikakula. Muchana tumbo ikaanza kunikata. Nikatapika maji ya kijani mpaka hakuna kitu ya kutapika. Nikajichafua mu kitenge, mutu mukubwa sawa mimi. Pumzi ikakimbia sawa mutu anabeba gunia ku mulima. Nikamuita Chola, binti ya chumba ya nyuma.

"Chola, juu ya nini unachoma samaki mu nyumba? Moshi imejaa."

"Mama, hakuna moshi. Jua inawaka."

Njo pale niliogopa.

Chola alikimbia ku barabara, akasimamisha mwanaume wa kinga, ile baiskeli ya kupeleka samaki. Yule mutu alishusha mabeseni yake chini bila kuuliza bei, akanifunga nyuma na mipira sawa muzigo. Mwansa balimuleta nyuma yangu, yeye pia analia, anasema haone mutu.

Munganga wa hopitali alikuwa kijana. Akaniuliza: "Mama, ulikunywa nini?"

"Kikombe moya ya kufungua. Na baliijaribu na moto, ilikuwa bluu."

"Moto haichague, mama. Ile ya kuua inawaka vizuri pia. Macho yako iko karibu kufa. Tutapigana."

Bakaniweka serumu, ile dripu, ku mukono na mupira mu kibofu. Nilikojoa mu mufuko banaume banapita, na haya yangu ikaishia pale. Mutoto wangu mukubwa alikuya toka Chienge, akasema: "Mama, balikuloga."

Nikamujibu: "Mulozi gani anabeba chupa ya soda? Kaa kimya, unipe maji."

Jicho ya kushoto ilirudi polepole. Kwanza dirisha, halafu nguo nyeupe ya nesi, halafu kucha zangu. Ya kuume ilibakia mu ukungu mpaka leo. Mwansa alirudishiwa yote mbili, ni kijana.

Kurudi nyumbani, majirani bakasema nifukuze banafunzi bote. Nikakataa. Batoto benye kufukuzwa banaenda kunywea mu majani, na kule nani atabaona? Nikaweka sheria. Lutuku haipite mulango wangu. Mwenye kutaka bia, ikuwe ya duka, ya kufungwa, na akule kwanza. Hakuna kulazimisha mwenzake. Mwenye kulewa, mumulaze ubavu na mutu akae naye. Akitapika bila mwisho, ao asiamuke, ao macho imeguswa, ni hopitali mara moya, hata kolegi ikasirike.

Bupe, rafiki ya Mwansa, akanicheka. "Mama, siku hizi uko polisi."

"Polisi anarudi kwake jioni. Mimi niko kwangu."

"Tutahamia kwa mama mwingine."

"Hamia. Beba godoro polepole, isikwaruze rangi yangu."

Hakuhama. Lakini ku mitihani yenye ilifuata alikuya na chupa na kikombe. "Hii ilipikwa na mutu mwaminifu, Mama. Fungua, bote banangojea."

Nikamwambia: "Mupishi njo atafungua leo. Mumuite. Akunywe kikombe yote mbele yetu, akae hapa mpaka kesho jioni. Nitamupikia bukari na samaki, alale ku kitanda yangu."

Bupe akapiga simu, akaweka sauti bote basikie, anipatishe haya. Mupishi alicheka kwanza. Halafu akasema eko na kilio, mutu amekufa kwabo na muke wake. Bupe akamwambia atamungojea. Mupishi akakata simu. Mwansa alisimama, akachukua chupa, akaenda kuimwanga mu choo.

Minashukuru Mungu, na Chola, na yule mwanaume wa kinga, mwenye sikujua jina yake. Minashukuru munganga. Na wewe mwenye uko mugonjwa leo na unasikia aibu kusema ulikunywa nini, sema. Aibu haijaua mutu ku hopitali ile, lutuku imeua.

Na bazee benye banasema nimeharibu desturi ya nyumba, ni kweli, nimeiharibu. Mwenye anaitaka, akuye aniambie pa mulango. Asimame ku kushoto, nimuone vizuri.