Swichi ya Gita Ilivyofanya Kanisa Likemee Spika

Chekeni tu, hata mimi bado nimeshtuka.

Jumapili iliyopita sisi vijana wa kanisa letu la Kitale tulialikwa Bungoma. Nilitaka sana wanichague nipige gita kwa mkutano wao wa injili wakati wa likizo. Wafula, mpigaji wao, akaanza kunionyesha gita lao jipya.

"Achana na hiyo, bana, hata letu liko na swichi," nikamkata. "Juu sauti nene, chini sauti kali. Leta hapa."

Wimbo wa kwanza nilipiga swichi ikiwa juu, wasichana wa kwaya wakinitazama. Wa pili nikaishusha kwa madaha. Kimya!

"Spika yenu imekufa," nikatangaza.

Wakabadilisha waya, wakabadilisha fyuzi. Wapi! Mchungaji akasimama. "Wapendwa, adui hataki tusifu! Nyosheni mikono kwa hiyo spika!"

Kanisa zima likakemea, mimi nikikemea kuliko wote. Nilipoinua mkono nipaze "Toka!", kiwiko kikagonga swichi ikaruka juu, kikagusa na nyuzi. Gita likanguruma, mama mmoja akaanguka.

"Ametoka!" mchungaji akalia.

Wafula akaja polepole, akaishusha swichi, akagusa nyuzi. Kimya. Akazungusha kifundo kimoja kidogo kwenye gita, akagusa tena. Sauti kali ikajaa kanisa.

"Hili letu, kila sauti iko na volyumu yake," akasema, tena kwa maiki. "Ya chini ilikuwa ziro. Si hiyo ndiyo nilikuwa nataka kukuambia, bratha?"

Mikono yote iliyokuwa imenyoshewa spika ikanigeukia mimi.