Chumba cha Kupanga Maji ya Chai

Kosa langu la kwanza nilipoingia mwaka wa tatu lilikuwa kudhani kwamba shida yangu ni kelele. Niliamini kelele za hosteli ndizo zilizonishusha alama mwaka wa pili, na kwamba nikipata chumba changu mwenyewe, chenye mlango wa kufunga, mengine yote yatajipanga.

Hosteli tulikuwa sita chumba kimoja, vitanda vya kupandana. Mimi nililala juu, karibu na dirisha lisilofunga vizuri, na miezi ya baridi upepo wa mlima Meru uliniingia sikioni moja kwa moja. Mmoja wetu alisikiliza mpira kwenye simu kwa sauti ya juu. Mwingine alichemsha mayai kwa hita iliyokatazwa. Asubuhi foleni ya bafu ilikuwa ya ndoo: unaweka ndoo yako kwenye mstari, unarudi kulala, na ukichelewa unaikuta imesogezwa nyuma na hakuna anayejua nani kaisogeza.

Mimi ni mtu wa kunyoosha vitu. Shuka likikunjamana moyo unanienda mbio. Kalamu zangu zilikuwa na mahali pake mezani, na mtu akiazima moja nilijua nikiwa bado mlangoni. Rafiki yangu wa kitanda cha chini, kijana wa Rombo mwenye mdomo usiopumzika, alikuwa akinitangaza kila nikiingia.

"Jamani, mkaguzi kaja! Kila mtu ashike shuka lake!"

Wenzetu waliruka na kujifanya wanatandika. Nilicheka nao. Kisha nikipanda kitandani niligeukia ukutani, nikawa nahesabu kila neno lao kama dharau. Sikuwahi kuwaambia.

Mambo mengi nimejifunza mwenyewe. Kompyuta nilijifunza kwa kubonyeza na kukosea, kupika kwa kutazama video, hata uandishi huu hakuna aliyenifundisha. Kwa hiyo niliona kuhama nako ni somo la kujisomea kama mengine. Niliuliza waliopanga, nikatembelea vyumba Kimandolu nikaona viko mbali mno na chuo, mwishowe nikapata kimoja mahali panapoitwa Maji ya Chai, nyuma kidogo ya barabara kuu, kwenye nyumba ya mama mmoja wa Kimeru. Vyumba vilitazama ua wa udongo. Nyuma kulikuwa na migomba, katikati bomba moja la wote.

Mama mwenye nyumba alinipokea akiwa amesimama mlangoni kwake na kanga mabegani.

"Unasali wapi?"

"Kilutheri, mama."

"Nyumbani?"

"Oldonyo Sambu."

"Ah, upande wa vumbi. Huku karibu una mtu?"

"Sina, mama."

Akaniangalia kidogo. "Haya, baba. Hapa tunaishi kama nyumba moja."

Nikasema ndiyo, kama ninavyosema ndiyo kwa kila mtu mzima, nikaingiza godoro langu.

Majuma ya mwanzo yalikuwa raha tupu. Nilisoma mpaka nilipochoka, nikalala nilipotaka, nikapika wali wangu kwa jiko dogo la gesi bila mtu kuja na kijiko. Kalamu zilikaa nilipoziacha. Nilifunga mlango nikitoka, nikaufunga nikiingia. Mambo ya pamoja niliyatimiza yote, tena kwa ukamilifu. Kila mpangaji alikuwa na zamu ya kufagia ua, na yangu niliifanya kabla hakujapambazuka vizuri ili nisikutane na mtu wa kuniongelesha. Nilifagia kuanzia getini kuelekea mlango wangu, nikirudi kinyumenyume, ili mistari ya fagio ibaki bila alama ya mguu. Nilijivunia mistari ile. Nilidhani yeyote akiiona ataelewa mimi ni mpangaji wa namna gani.

Waliielewa kwa namna yao. Jioni moja, muhula ukikaribia mwisho, dada wa chumba cha jirani aligonga. Alikuwa anauza nyanya barabarani, pale mabasi yanaposimama, na sauti yake ilikuwa imezoea kushindana na injini.

"Mdogo wangu, upo?"

"Nipo, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Mama kanituma. Anasema ukifunga chuo anataka chumba chake. Kuna mtoto wa mdogo wake anatafuta pa kukaa."

Muhula uliobaki ndio ulikuwa wa kuandika utafiti wangu na kufanya mitihani ya mwisho. Nikifukuzwa wakati huo, nitaandikia wapi?

"Nimekosa nini, dada? Kodi nalipa kabla ya siku. Zamu nafanya."

"Unafanya kama mwizi!" Akacheka, lakini hakuwa anatania. "Tunaamka, ua umefagiwa, mfagiaji hatumjui. Mlango asubuhi umefungwa, mchana umefungwa, jioni umefungwa. Juzi mama kanituma nikuchungulie dirishani kama unapumua."

"Nilikuwa nasoma."

"Sasa sisi tutajuaje? Vitabu havipigi kelele."

Kisha akashusha sauti, akaniambia nisichokijua. Kabla yangu chumba kile kilikuwa na kijana mwingine, fundi wa kuchomelea, naye mtu wa kimya. Aliugua malaria ndani mlango umefungwa, na kila mtu alidhani kasafiri. Walipovunja kitasa alikuwa hawezi tena kuongea. Alipona, akarudi kwao Singida, lakini tangu hapo mama akiona mlango umefungwa mchana anashindwa kufanya kazi zake. Chumba changu kilikuwa kinamnyima usingizi, na mimi nilikuwa nahesabu ukimya wangu kuwa ndio adabu.

Kesho yake nilikwenda hosteli kuuliza kama naweza kurudi. Nilimkuta rafiki yangu wa Rombo ananyoa ndevu mbele ya kioo cha simu.

"Kitanda chako?" akasema. "Kina mtu wa mwaka wa kwanza, anakoroma kama lori la mchanga. Na orodha imejaa, kaka. Sisi wa mwaka wa tatu tunabaki kwa huruma tu."

Nikakaa kitandani kwake nikamweleza. Aliacha kunyoa, nusu ya uso ina povu.

"Kwani wewe ukiwa huku ulikuwa unasemaga ukiumwa? Ulikuwa husemi. Mimi ndiye nilikuwa najua. Ukianza kupanga viatu mara mbili mbili, naenda kukununulia panadoli."

Ni kweli. Nilikumbuka zile panadoli juu ya daftari langu, na kwamba mawazo yangu siku zile yalikuwa ni nani kagusa daftari.

Nilirudi Maji ya Chai kwa miguu kutoka kituoni, nikipanga hotuba. Nilikuwa na utangulizi wa kuomba radhi, sehemu ya kueleza utafiti wangu, na hitimisho la kuomba niongezewe muhula mmoja. Niliirudia mpaka nikaijua kwa moyo. Mama nilimkuta kwenye kigoda nje ya jiko lake, beseni la ndizi za kupika mbele yake.

"Shikamoo mama. Samahani kwa kukusumbua. Nimekuja kwa unyenyekevu..."

"Marahaba. Kwanza kaa."

Nikakaa. Akanipa kisu. "Paka mafuta mikononi kwanza, utomvu haukuachi."

Sikuwa nimewahi kumenya ndizi mbichi. Kwetu ni mahindi na maziwa. Nilianza moja, nikaondoa ganda kwa vipande vidogo, nikakwangua kila uzi uliobaki. Mama alimenya tatu, kisha akaacha kidogo akanitazama.

"Unaimenya au unaifanyia operesheni?"

Dada wa nyanya, aliyekuwa bombani, akapasuka kicheko. "Mwache, mama! Watu wa ng'ombe hao, ndizi wataionea wapi!"

Nikacheka, na safari hii sikubaki na kitu cha kwenda kuhesabia ukutani. Hotuba ikanipotea yote. Nikasema tu, "Mama, naomba usininyang'anye chumba. Sina pa kwenda kumalizia."

Alimenya kwanza aliyoishika. "Mtoto wa mdogo wangu nimeshamwambia aje."

"Ndiyo, mama."

"Huyo angalau nitamsikia. Anapiga makelele huyo, balaa." Akatupa ganda. "Wewe unasoma na mlango umeufunga wa nini? Nani atakula kitabu chako? Ukiwa ndani mchana, shusha pazia, mlango acha. Nipite nione miguu yako. Unaweza?"

Nataka kusema ukweli hapa: swali lile lilikuwa gumu. Kusoma mlango ukiwa wazi, kuku wakiingia, watu wakipita, mtu akiniona nimekwama kwenye aya moja tangu asubuhi. Hilo ndilo nililokuwa nalikimbia tangu hosteli. Sikuwa nakimbia kelele. Nilikuwa naogopa kuonwa sijakamilika.

"Nitajaribu, mama."

"Sijasema ujaribu."

"Naweza, mama."

"Haya. Nitamtafutia yule mtoto pengine, na mdogo wangu atanisema mwaka mzima. Menya basi, au tutakula kesho?"

Muhula wa mwisho niliusoma hivyo. Haukuwa mwepesi, na sitadanganya kwamba nilikuja kuupenda mlango wazi. Dada wa nyanya alipenyeza simu chini ya pazia niichaji. Mama alipita na kuita "baba!" bila sababu, nami nikaitika "naam!" naye akaendelea na safari yake. Kuna siku nilikuwa nataka kulia kwa hasira. Utafiti niliumaliza ukiwa na sura moja ambayo mpaka leo ningetamani kuiandika upya, na nikaukabidhi hivyo hivyo.

Wanafunzi wa mwaka wa pili huniuliza wabaki hosteli au wapange. Hosteli maktaba iko karibu na umeme ukikatika kuna jenereta. Kupanga unapata nafasi, na unakula unachotaka. Hayo nawaambia. Kisha nawaambia kwamba kote kuna watu, na watu watataka kujua kama upo.

Chuo nimemaliza, naishi bado Maji ya Chai, na asubuhi nikiamka nawasalimia watu wa nyumba kwanza ndipo nafungua kompyuta. Nikiumwa nasema.