Bado Wanajenga

Siku tuliyomzika mama, jamaa walikaa nyuma ya nyumba wakatugawa. Mdogo wangu angeenda Longisa kwa shangazi, mimi kwa mjomba. Nilikataa. Niliacha shule kidato cha pili, nikashika kazi ya kuchuma majani chai, na tukapanga chumba kimoja, ghorofa ya kwanza, karibu na shule.

Mjengo ulianza upande wa dirisha letu mdogo wangu alipoingia kidato cha kwanza. Mwenye ploti aliniambia, "Vumilia, ni miezi sita tu." Miaka miwili baadaye walikuwa bado wanakata mawe kwa mashine. Kazi ilisimama wiki kadhaa, tukashukuru Mungu, kisha lori likamwaga kokoto tena. Na kwa vile huku mvua hunyesha karibu kila alasiri, mafundi walianza kabla ya kupambazuka, saa ile ile mdogo wangu alipoamka kusoma. Alijaza pamba masikioni. Vumbi lilikaa juu ya vitabu, juu ya ugali, juu ya kope zake.

Siku moja nilifungua dirisha nikapiga kelele, "Fundi! Kuna mtu anasoma huku!"

"Mwambie asome kwa sauti, madam, atushinde!"

Walicheka wote. Nilifunga dirisha.

Nilitafuta nyumba nyingine, lakini zilizopatikana zilikuwa mbali, na angetembea gizani peke yake. Mwalimu aliniita shuleni: mtoto analala darasani. Likizo ya Desemba shangazi akaja. Alikunywa chai akiinamia kikombe vumbi lisiingie.

"Kwani mnaishi ndani ya posho mill ya unga?" aliuliza, akipaza sauti. Halafu mashine ikanyamaza kidogo, naye akashusha sauti. "Nipe huyu, asome. Sikunyang'anyi."

Mimi mwenyewe nilimfungia nguo zake. Mdogo wangu hakunitazama.

Huko Longisa aliacha kusinzia darasani. Shangazi alinisomea ripoti yake kwa simu, mara mbili, kwa sababu nilimwomba arudie.

Machi, mjengo ukasimama tena. Mafundi waliondoka, mashine ikafunikwa turubai. Wiki ya tatu ya kimya hicho, mdogo wangu akapiga kwa simu ya shangazi. Likizo ilikuwa inakaribia.

"Dada, wamemaliza? Nirudi muhula ujao?"

Nilitazama nje. Hakukuwa na mtu. Lakini nilikuwa nimeshawaona wakirudi mara ngapi?

"Bado wanajenga."

"Mbona sisikii?"

"Wako chai."

"Hata wakijenga, mimi nitazoea."

"Hapana. Soma huko huko mpaka umalize."

Nilisubiri akate simu. Hakukata. Nami sikuweza kukata. Tulibaki hivyo, kila mmoja akisikia mwenzake akipumua, mpaka shangazi akamwita akakamue ng'ombe.