Binti Yangu Kwenye Mkeka wa Mwalimu

Mwalimu amefariki. Wengi wenu mnaonisoma hapa Brussels mmeshapata habari, na kwa kawaida yenu mmeshapigiana simu kupeana pole. Kwangu nako simu ililia kutwa nzima, ila haikuwa yangu, ilikuwa ya binti yangu. Mama mmoja wa kanisani, ambaye mimi na yeye tunapanda basi moja kwenda kazini, alipiga nikapokea mimi kwa sababu binti alikuwa amejifungia bafuni analia. "Bon, maman," akaniambia, "nilikuwa natafuta mutoto. Minataka kumupa pole." Nikamuuliza kama mimi sistahili pole. Akacheka kidogo akidhani namtania. Sikuwa namtania.

Kwa wasiomfahamu, alikuwa mwanamke wa Bukavu aliyefundisha darasa la pili katika shule ya msingi ya mtaani kwetu, kwa Kifaransa, na kila Jumamosi akawafundisha watoto wetu Kiswahili katika ukumbi ulio nyuma ya kanisa. Hakuolewa wala hakuzaa. Alikuwa na kanisa lake na alikuwa na dada zake, maana ndivyo walivyoitana wale akina mama wa chama chao: kitenge kimoja, ahadi moja ya kutoachana katika ugonjwa na msiba. Mimi sikuingia. Zamu zangu za kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa katika hospitali kule Jette hazikuniruhusu, na kusema kweli hata zingeniruhusu nisingeingia, kwa sababu mwanamke huyo nilimwonea wivu. Msishtuke. Mtu hufa, na wivu tuliomwonea haufi naye.

Nilimpelekea binti yangu akiwa bado hana meno ya mbele. Nilidhani nimepata mahali pa kumweka Jumamosi hadi nitoke kazini, basi. Baada ya miezi michache, mtoto aliyekuwa akinijibu Kifaransa kila nikimsemesha Kiswahili akaanza kukisema, lakini kile cha mwalimu, cha kwao Kivu, na akaanza kunirekebisha mimi mzaliwa wa Lubumbashi ndani ya jiko langu mwenyewe. Siku moja nimepika sombe, yaani kisamvu, nimetwanga karanga nikaweka, mtoto ameonja na kuweka kijiko chini. "Maman, mwalimu ye haweke arachide." Nikamwambia kwa ukali aende basi akale kwa mwalimu. Akainuka akavaa viatu. Masikini, hakujua kuwa nimekasirika, alidhani nimempa ruhusa, na nilipomzuia mlangoni alilia kama mtu aliyenyang'anywa sikukuu.

Halafu kuna ile Jumapili ya Gare du Midi. Baada ya ibada, mwalimu na dada zake walikuwa wakienda pale stesheni na chupa za chai na makoti, kwa ajili ya waliofika na treni bila mwenyeji, na wanafunzi wakubwa wakubwa walifuatana nao. Mimi nilikuwa nimekwenda sokoni kununua mihogo. Nikamwona binti yangu, ambaye nyumbani hata kikombe alichonywea haoshi, amepiga magoti mbele ya bibi mmoja mgeni anamfunga vifungo vya koti. Mwalimu amesimama nyuma yake, mkono begani mwa mtoto. Yule bibi akamtazama mwalimu akasema, "Mutoto yako iko na roho muzuri." Na mwalimu, mnadhani alijibu nini? "Aksanti sana, maman." Nilisimama na mfuko wangu wa mihogo nikingoja aongeze kwamba mtoto huyu ana mama yake. Hakuongeza. Nikageuka nikaenda zangu bila kuwasalimia, na jioni binti aliponisimulia habari za stesheni nilijifanya ni mpya.

Tunapenda kusema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Ni kweli, lakini sijasikia methali inayotuambia tufanye nini mwana akiupenda zaidi ule mkono wa pili. Sisi tuliohamia huku tunaishi kwa kubadilishana mikono. Mimi nawachana nywele mama za watu Jette ili nipate cha kumlisha mwanangu, na wakati huo mwanangu anachanwa nywele na mwanamke mwingine. Yuko mgonjwa mmoja mzee, Mbelgiji, aliyezoea kuniita binti yake. Binti yake wa kuzaa huja kumwona akiwa amechoka, bado amevaa koti la kazini, na akinikuta namlisha supu hunitazama kwa jicho ambalo halihitaji kutafsiriwa. Nalijua jicho hilo, ni langu. Hata hivyo sijawahi kumwambia mzee aache kuniita hivyo. Pengine na mwalimu naye jina la mama lilimwia tamu.

Kilio kilifanyika Jumamosi, katika ukumbi ule ule wa masomo. Mnajua desturi yetu: picha ya marehemu mbele, chini yake mkeka, na mkekani wanakaa walio wake, hasa watoto. Wageni wanakaa kwenye viti. Na mtoto ambaye mama yake yu hai hakai kwenye mkeka wa mama mwingine, maana ni kama kumtabiria kifo aliyemzaa. Kwa kuwa mwalimu hakuzaa, dada zake walikuwa wamepanga kukaa wenyewe ili mkeka usibaki mtupu. Mimi nilitokea kazini moja kwa moja. Nikaingia, nikapanga mstari pamoja na watu wa kutoa pole, nikanyoosha shingo kutazama mbele, na pale mkekani, mtoto pekee katikati ya wale akina mama, bila viatu, kitambaa kichwani, amekaa binti yangu.

Watu waligeuka kunitazama. Mkubwa wa chama, mama mtu mzima anayeheshimiwa na wote, aliinuka akaja kuninong'oneza. "Maman, tumemukataza, amekataa. Donc weye umekufa? Umwambie atoke, atakusikia." Nikaelewa kwamba ukumbi mzima unaningoja. Mstari ukasogea, na mimi nikasogea nao, mpaka nikafika mbele ya mtoto niliyemzaa, mahali ambapo mtu huinama, hutoa mkono na kusema pole. Roho yangu ilikuwa inawaka. Nilitaka kumshika mkono nimwinue, wote wamwone mwenye mtoto.

Aliniona akatangulia kusema, kwa sauti ya chini. "Maman, ukisema nitoke, nitatoka. Mais yeye hana mutu. Hawa bamaman ni badada yake. Ni nani atamulilia kama mutoto?"

Msomaji, mama yangu mimi alifia Lubumbashi wakati niko hapa bila karatasi, siwezi kusafiri. Kwenye mkeka wake nafasi yangu ilikaliwa na binti wa jirani. Niliambiwa kwenye simu, na nilimwonea wivu binti yule pia, lakini nilimshukuru. Nikainama. "Pole, mwanangu," nikasema. Ilitoka kwa shida, lakini ilitoka. Nikaenda kukaa kwenye kiti, na wageni wenzangu.

Kutoka kwenye kiti kile nilimtazama hadi mwisho. Amezaliwa huku, hajawahi kuona kilio cha nyumbani, lakini alijua kukunja miguu, alijua kumshika mkono mzee kwa mikono miwili, alijua kunyamaza na alijua saa ya kuanzisha wimbo. Kila aliyeinama mbele yake aliinuka ametulia kidogo. Mambo hayo sikumfundisha mimi, muda sikuwa nao, na nikiwa nao nilikuwa nimelala kwa uchovu. Yote alifundishwa na mwanamke yule kwenye picha, kwa miaka, msiba baada ya msiba, mgeni baada ya mgeni. Basi somo ninaloondoka nalo ni hili: anayempenda mwanao hakupunguzii mtoto, anakuandalia mtu atakayejua kukulilia. Siku yangu ikifika sitabaki na mkeka mtupu, na wa kushukuriwa ni mwalimu. Nalijua hilo, nalikubali, na bado inaniuma kwamba yeye ndiye aliyeliliwa kwanza.