Nilimshuku karani wa mahindi hapa Kitale, kumbe ni NULL ndani ya IF yangu mwenyewe

Wakuu, habari za kwenu. Haya hakunisimulia mtu. Niliyafanya mimi, na sehemu kubwa yake inaniaibisha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mnijue kidogo kwanza. Nina miaka arobaini na kitu, na sijawahi kukaa mji mmoja miaka mitatu. Form four nilimaliza Webuye, siku ambazo harufu ya kiwanda cha karatasi ilikuwa inatufuata hadi darasani. Watu walikuwa wanailalamikia. Mimi naikumbuka kwa hamu hadi leo.

Chuo sikuenda. Database nilijifunza kwa cyber za Eldoret, nikisoma na kuharibu.

Juzi juzi kikundi cha wakulima kikanipa kazi. Wana store mbili za mahindi, moja hapa Kitale upande wa kwenda Saboti, nyingine Bungoma. Mkulima akileta gunia, karani anapima unyevu kwa mita na kuingiza namba kwa kompyuta. Program yangu inaamua. Unyevu ukizidi 13.5, gunia linarudi nyumbani likaanikwe tena. Usipozidi, linaingia store. Watu wa mizigo hawaulizi mtu, wanafuata list.

Code yenyewe ilikuwa hii, IF ni "kama", ELSE ni "la sivyo":

IF unyevu > 13.5 THEN
hali := 'RUDISHA';
ELSE
hali := 'POKEA';
END IF;

Mistari mitano. Nilijivunia hata.

Ikaenda vizuri mpaka siku mwenyekiti, mzee Barasa, alipoingiza mkono katikati ya magunia ya Kitale akautoa mbio.

"Fundi, kuja ushike hapa. Haya ni mahindi ama ni ugali?"

Yalikuwa moto. Kwa wasiolima: mahindi yenye maji yakifungiwa yanapata joto, halafu kuvu, na kuvu hiyo ikifika kwa unga inaweza kuua mtu. Tulitoa magunia saba yaliyoharibika. Kwa list, yote saba yalisoma POKEA.

Akili yangu ikakimbilia kwa karani, Nekesa.

Nilipiga hesabu hivi. Program ni moja. Bungoma hakuna gunia hata moja limechemka. Kilicho tofauti ni nini? Ni mtu.

Nikakumbuka nilivyomwona akipewa avocado na mkulima fulani. Nikakumbuka anavyotoka nje akipigiwa simu. Bana, ukishaanza kumshuku mtu, hata salamu yake inageuka ushahidi.

Nikaingia kwa database kumtafuta. Nikaitisha magunia yaliyopokelewa na unyevu umezidi 13.5. Zero.

Labda aliacha nafasi bila namba? Nikaandika:

SELECT * FROM magunia WHERE unyevu = NULL;

Zero tena.

Hapo nikaona nimemshika. Kama hakuna namba kubwa na hakuna nafasi tupu, basi ameandika namba za uongo. Mtaniuliza kwa nini sikufungua rekodi za yale saba moja moja. Ni swali la haki. Nilikuwa nishapata jibu nililolitaka.

Nikamwambia mwenyekiti, tena watu wa mizigo wakisikia. Nekesa akaambiwa akae nyumbani mpaka mkutano wa Alhamisi, wanachama waamue kama atafutwa.

Akichukua mkoba wake akaniangalia. "Umeniuliza swali lolote, Fundi? Hata moja?"

Kufikia Jumanne maneno yalikuwa yamefika soko la Chwele, na kwao Nekesa ni huko.

Jumatano nikakaa kutengeneza ripoti ya kummaliza. Nikahesabu magunia yaliyozidi 13.5, nikahesabu yasiyozidi, nikajumlisha.

Jumla haikufika idadi ya magunia yote. Kumi na tisa hayakuwa upande wowote.

Sasa gunia gani hilo, unyevu wake haujazidi na haujakosa kuzidi?

Nikapitia rekodi kwa macho. Yako hapo. Siku tatu zinazofuatana, sehemu ya unyevu haina kitu. Na yale saba yalikuwa ndani yake.

Nikampigia Nekesa simu. Nilidhani hatashika.

"Hizo siku tatu mita ilikuwa wapi?"

"Bungoma. Yao iliharibika, mwenyekiti akawapelekea yetu. Ati hukujua?"

"Na wewe ulipima na nini?"

"Chumvi na chupa, kama nyumbani. Unatikisa, chumvi ikishika kwa chupa, mahindi ni mabichi. Lakini chumvi haikupi namba. Ningeandika ngapi? Niliacha wazi, mashine ijue bado. Magunia nikayaweka kando ya mlango yangoje mita."

"Na yalipoingizwa ndani?"

"Watu wa mizigo walisema list imesema pokea. Nikafikiri ni wewe umeamua. Si kompyuta ni yako?"

Wakuu, nikafungua ile IF yangu nikaisoma upya, simu ikiwa bado sikioni.

Hii ndiyo shida yenyewe. NULL si sifuri. NULL ni "sijui". Ukiuliza kama "sijui" inazidi 13.5, jibu ni "sijui". IF inataka "ndio" peke yake, kwa hivyo "sijui" inasukumwa kwa ELSE, na ELSE yangu ilikuwa inafungua mlango wa store. Hata ile = NULL haiwezi kupata kitu, kwa sababu "sijui" hailingani hata na "sijui" nyingine. Unaandika IS NULL. Ile zero niliyoita ushahidi ilikuwa ujinga wangu.

Alhamisi nikasimama mbele ya wanachama nikayasema yote. Mama mmoja akainua mkono.

"Kwa hivyo kompyuta ilikosa jibu, ikasema pokea?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliiambia iseme pokea."

Mzee Barasa akasema basi, yaishe, Nekesa arudi kazini. Nekesa, aliyekuwa amekuja kusikiliza, akabaki amesimama.

"Iandikwe kwa minutes kwamba sikuiba na sikudanganya. Na isomwe sasa, kabla watu hawajaenda sokoni."

Ikaandikwa. Ikasomwa mara mbili, kwa sababu wa nyuma hawakusikia vizuri.

Siku hizi IF yangu inaanza na unyevu IS NULL, na jibu lake ni NGOJA. POKEA inapatikana kwa kuthibitishwa, si kwa kukosa sababu ya kukataa. ELSE yoyote nikiiona naikodolea macho kama mgeni aliyeingia bila kubisha.

Nekesa tunafanya kazi pamoja. Avocado anagawia kila mtu ofisini. Mimi bado sijagawiwa, na sijaomba.

Wenye database humu, ELSE yenu inaruhusu nini? Nendeni mkaangalie, kisha mrudi mniambie mmepata nini. Wa kunichapa pia karibuni, nimekaa vizuri.