Rido Iliyonuka

Mtu akifua kwa sabuni ya unga yenye harufu ya maua, mimi huondoka karibu yake. Hapa mjini Baraka wanawake wenzangu wanaipenda, wakianua vitenge vyao wanavinusa na kutabasamu. Mimi mdomo unajaa mate ya kutapika. Mtashangaa mkijua kwamba nimelelewa ndani ya uvundo. Na kama kuna anayekula sasa hivi, anisamehe, kwa sababu lazima niusimulie.

Mvua ilipoiangusha nyumba yetu ya Mboko, baba alibaki na kibasi kizee alichobebea ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Baraka kupeleka Uvira. Aling'oa viti vya nyuma akagongelea kitanda cha mbao ubavuni, mama akapanga masufuria, tukahamia humo. Mbele pa usukani palikuwa pa baba na mama. Nyuma palikuwa petu, mimi na yaya yangu Furaha, dada yangu mkubwa, pamoja na magunia ya ndagala. Katikati mama alitundika kitenge kikuukuu kwenye waya, tukakiita rido.

Rido ile, jamani! Baba aliifutia mikono yenye grisi. Magamba ya samaki yalikuwa yameganda humo, na inzi walikuwa wapangaji wa kudumu. Kila gari lilipoingia shimoni, ilitupiga usoni, mbichi, yenye utelezi. Na hayo yalikuwa madogo. Chini ya kiti chake mama aliweka kopo la maziwa lililojaa matumbo ya samaki yaliyooza ndani ya maji yake. Kabla hatujafika kwenye bariyere, pale watu wenye bunduki waliposimamisha magari, alilifungua, akachovya kitambaa, akaipaka rido kutoka juu hadi chini, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha. Ile harufu haikuishia puani. Iliingia mdomoni ikakaa.

Furaha alikuwa ameanza kuwa msichana. Alichana nywele hata siku za kulala njaa, na uchafu ule ulimliza.

"Mama, utatuua na hii arufu!"

"Arufu haiuwake muntu," mama alijibu.

Kanisani watoto walisogea, benchi zima likabaki letu. Nilimchukia mama. Nasema hivyo hivyo, nilimchukia, nikamwona mchafu kwa kupenda.

Halafu akaingia tantine, dada ya baba, mama wa kanisa wa pale Uvira, mtu ambaye hata kuni zake zilipangwa kwa urefu. Tulilala kwake, na asubuhi tulikuta ameifua rido yetu kwa sabuni ya maua akaianika uani. Maua ya kitenge yalionekana, kumbe yalikuwa mekundu! Mimi na Furaha tuliruka kwa furaha. Mama alishukuru kwa mikono miwili, kichwa kimeinama, kama inavyotakiwa mbele ya wifi.

Tantine alikuwa anakwenda Swima kwenye maombi, kwa hiyo alipanda nasi. Alikaa mbele, dirishani, na mama katikati. Nilichungulia pembeni mwa rido nikaona mkono wa mama umeshika kopo chini ya kiti. Alilishika njia nzima bila kulifungua. Angewezaje kuipaka uvundo zawadi ya wifi yake, naye amekaa hapo hapo?

Kwenye bariyere mtu mmoja aliingiza kichwa dirishani, akampita tantine kama hayupo. Akaikamata rido, akaivuta puani, akafumba macho.

"Hii iko na arufu muzuri. Nyuma iko nini?"

"Iko batoto tu, chef," baba akasema.

Aliifungua. Aliniruka mimi kwa macho, yakatua kwa yaya na kubaki hapo. Ulimi wake ukapita juu ya mdomo.

"Huyu iko mutoto? Ashuke, tumuulize kidogo."

Mkono wake ulikuwa umeshashika mkono wa Furaha. Ndipo mama aligeuka na kopo lake, akalimwaga lote juu ya kichwa cha mwanawe. Matumbo yaliteremka kwenye nywele, machoni, kifuani, hadi juu ya ule mkono. Mtu yule aliachia akaruka nyuma, akitema mate na kujifuta kwenye suruali.

"Bachafu hawa! Muende, muende!"

Mimi nilitapika juu ya gunia. Tantine alipiga kelele, "Mama Furaha, uko na akili kweli? Mutoto wako mwenyewe!" Baadaye aliitangazia Uvira yote kwamba kaka yake ameoa mwendawazimu. Mama aliacha isemwe.

Pale Swima alimwingiza Furaha ziwani akamsugua kwa mchanga. Alimaliza, akaanza tena upya, nikadhani ni matumbo yaliyogoma kutoka. Furaha hakutaka kumtazama. Mimi pia sikutaka. Kesho yake rido ilirudi kunuka kama zamani.

Leo nina binti, na miaka yake ni ile ya yaya siku ile. Bariyere bado zipo. Asubuhi hii amepanda gari kwenda kusoma Uvira, nywele zimesukwa, nguo zimepigwa pasi. Kabla hajapanda nilitoa kopo langu nikampaka kwenye kitenge cha kujifunika, kisha shingoni. Alikunja uso, akaniangalia kama nilivyokuwa nikimwangalia mama.

"Mama, unanichukia?"

Nikachovya tena, nikampaka na kwenye nywele.