Fundi Mwenye Kifua

Ukitaka kumjua fundi wetu wa makoti, anza na kitu ambacho hakuwa nacho: sanamu. Mafundi wengine wote wa barabara ile walikuwa na lile sanamu la kuvalisha nguo, lisilo na kichwa wala mikono. Yeye alikuwa na mwili wake. Koti likiwa la karani au la mpiga tarumbeta, akishalishikiza kwa pini alilivaa mwenyewe, akasimama mbele ya kioo chenye ufa, akavuta pumzi, kisha akaamua wapi pa kubana na wapi pa kulegeza.

"Mimi ndiye saizi ya kati ya binadamu," alikuwa akijigamba. "Mnene namwongezea, mwembamba nampunguzia. Sanamu la nini, hata kucheka halijui?"

Mwili ulikuwa mtaji. Kilichomnyima raha ni kichwa. Kilikuwa kipara kitupu, kinang'aa kama kimepigwa pasi, na kinyozi wa mlango wa pili alikuwa amembatiza jina la Hasara.

"Hasara, umeamkaje?"

"Salama, mwizi wa nywele za watu."

Basi binti yake akachumbiwa, na mambo yakawa matamu. Wakwe walimpa heshima ya kushona koti la bwana harusi na makoti ya wasindikizaji wake wote. Fundi alifurahi mpaka akasahau kumeza chai. Halafu akakumbuka picha. Picha za harusi hukaa ukutani miaka na miaka, naye atakaa humo na kipara chake, kama balbu iliyovalishwa tai.

Akaenda sokoni kimya kimya, akanunua kopo la dawa ya kuotesha nywele. Juu ya kifuniko palikuwa na simba mwenye manyoya ya kutisha. Dawa imetengenezwa kwa vitu gani, kopo halikusema, liliandikwa tu "Matokeo utayaona." Akalificha ndani ya debe la vifungo, akawa anapaka asubuhi na jioni, mkewe hana habari.

Mtu anayejua kutunza siri husemwa kuwa ana kifua. Fundi alikuwa na kifua. Tatizo ni kwamba kilianza kuonekana.

Kwanza alidhani ni shibe. Kisha akalaumu futi ya kupimia, kwamba imesinyaa kwa joto. Alipoona shati linamvuta pale mbele na chuchu zinauma, alivaa aproni, akaendelea na kazi. Na kazi, kumbuka, ilikuwa inapimwa juu yake.

Siku ya kujaribu makoti, chumba kilijaa vijana. Bwana harusi akavaa lake, akafunga vifungo, akajitazama kiooni. Mabega sawa. Mikono sawa. Kifuani, vilima viwili vitupu.

"Baba," akasema kwa adabu, "hapa umeniwekea nini?"

"Nafasi ya kupumua."

"Na mimi?" akadakia msindikizaji mmoja, akishika koti lake kwa mikono miwili. "Mimi napumua au nanyonyesha?"

Walicheka wote isipokuwa mtu mmoja: mama wa bwana harusi, mwanamke wa sauti nzito aliyekuja kukagua. "Mkwe," akasema, "kama kazi imekushinda, tuambie mapema. Madukani makoti yapo. Mwanangu hawezi kusimama mbele za watu na maziwa."

Harusi ya bintiye mwenyewe, na bwana harusi avae koti la dukani! Fundi angeuweka wapi uso wake?

Hapo ndipo alipoingia daktari wa mifugo, amefuata suruali yake iliyofupishwa. Juu ya meza ya kukatia alilala paka wa duka, dume jeupe waliyemwita Meneja, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulala na kukagua. Daktari akamkuna tumbo, mara akainama.

"Huyu si dume?"

"Dume la mtaa mzima," akajibu mke wa fundi, aliyekuwa akiwagawia wageni chai. "Muulize paka yeyote."

"Mbona chuchu zimevimba kama ana watoto? Nani hapa anapaka dawa ya homoni?"

"Homa gani tena?" akauliza fundi, akikaza kamba za aproni.

"Si homa. Homoni. Analala wapi huyu?"

"Kichwani kwa mume wangu," akasema mke. "Kila mchana, kitini pale. Anamlamba upara mpaka unakwaruzika." Akamgeukia mumewe polepole. "Baba watoto. Vua aproni."

Fundi akatazama mlango. Akatazama makoti. Akikaa kimya heshima ya kifua itabaki, lakini makoti yataondoka. Akavuta pumzi ya saizi ya kati, akavua aproni, na shati likasema yote.

"Si mikono iliyokosea, mkwe," akamwambia yule mama. "Ni sanamu ndilo lililoota matiti." Akachomoa kopo kutoka kwenye debe la vifungo.

Mama wa bwana harusi akalitazama kopo, akamtazama paka, akamtazama fundi. Akakaa chini. Alicheka mpaka kilemba kikamwangukia. "Mkwe, umenizidi! Na mimi nimezaa watano!"

Daktari alisubiri vicheko vitulie. "Homoni ni kama wewe unapomtajia msaidizi vipimo," akamwambia fundi. "Mwili unasikia, unashona. Sasa kuna kemikali zinazoigiza sauti yako. Zinataja vipimo vya uongo, na mwili, maskini, unashona tu."

"Basi nilimwage mtaroni sasa hivi."

"Thubutu! Mtaro unaenda mtoni. Kwenye mito inayopokea maji machafu ya miji wamewahi kukutwa samaki madume wana mayai. Unataka vyura nao waje kupimwa makoti? Lete hapa, nitalipeleka maabara. Wewe kamwone daktari wa watu. Na foronya zifuliwe, kabla wajukuu hawajazilalia."

Maabara ikakuta dawa imejaa homoni ya kike. Daktari wa watu akamwambia aache, kifua kitashuka taratibu. Meneja alipona mapema zaidi, akarudi kwenye ugomvi wake wa mapaani.

Na makoti? Kwa mara ya kwanza maishani fundi alimpima kila mtu kwa futi, kifua kwa kifua. Siku ya harusi yaliwakaa vijana kama ngozi. Koti la fundi peke yake ndilo lililobaki na nafasi ya kupumua. Binti alipomkumbatia, aliegemeza shavu hapo, akaguna.

"Baba, siku hizi umekuwa mlaini."

"Faidi sasa, mama. Kinashuka hicho."

Mpiga picha akawaomba watulie, kisha akamsihi fundi ainamishe kichwa kidogo, kwani mwanga ulikuwa unatosha.

"Hasara!" kinyozi akapaza sauti kutoka nyuma. "Usiinamishe! Tutaonaje?"

Fundi akainua kipara chake juu kabisa. Hivyo ndivyo alivyo ukutani mpaka leo.